Picha ya Pili: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Tiba ya Saratani Nyanda za Juu Kusini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa Mganga Mkuu wa Serikali, kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma, na kwa ninyi nyote mnaokaa mezani kupanga vitita vya bima ya afya.

Yah: Kipimo cha katikati ya matibabu kwa wagonjwa wa saratani

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa Mbeya. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, huu ni mwaka wa 17 kazini. Kazi yangu ni kumlaza mgonjwa kwenye mashine, kumwambia avute pumzi na aizuie, kisha kutoa picha ambayo daktari ataisoma. Wagonjwa wa saratani niliowapiga picha ya kwanza siwezi kuwahesabu. Picha ya pili, ile ya katikati ya matibabu ambayo huuliza kama dawa inafanya kazi, nimepiga chache mno, na karibu zote zililetwa dozi ikiwa imekwisha. Nawaandikia kuiomba picha hiyo.

Mwaka jana saratani iliingia nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo anaishi Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu, ana migomba yake na huchuma chai kwa kibarua. Alipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali aliyotibiwa sitaitaja, kwa sababu kilichomkuta yeye nimekiona kwa wagonjwa wa hospitali nyingi, na sitaki nesi hata mmoja aitwe ofisini kwa ajili ya barua hii. Alipigwa CT scan, akakatwa kinyama, majibu yakatoka, akaanzishiwa dripu. Ilipangwa mizunguko 6, kila baada ya siku 21, na ndani yake mlikuwamo ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wanaijua kwa rangi kabla hawajaijua kwa jina. Ilitakiwa uvimbe unywee kwanza, ndipo apasuliwe.

Baada ya mzunguko wa tatu alinipigia simu. "Mwanangu, hiki kitu nakisikia kinakua." Nikamwambia amweleze daktari. Alimweleza. Akajibiwa kwamba dawa iko kazini, avumilie, kipimo kitafanyika dozi ikiisha. Mama mdogo ni mtu wa kuvumilia, akavumilia. Kila dripu ilimlaza siku tano, na siku ambayo hachumi chai ni siku isiyo na hela. Nywele ziliondoka, kucha zikawa nyeusi. Ndama mmoja aliuzwa kwa ajili ya nauli na vidonge vya kuzuia kutapika.

Mizunguko 6 ilipokwisha akapigwa CT scan nyingine. Nilichukua likizo ya siku mbili nikaenda Tukuyu, nikamwomba anitolee picha ile ya mwanzo nizilinganishe. Alimtuma mjukuu apande kwenye kichanja juu ya meko. Bahasha ilishuka ikiwa imefungwa kwa kipande cha kitenge, fundo zuri kabisa. Alikuwa ameiweka pamoja na mbegu za mahindi, mahali pasipofika panya wala unyevu, na mwenye kuijua mvua ya Rungwe ataelewa kwa nini. Nilipoifungua, filamu zilikuwa nyeusi karibu zote. Filamu tunazotoa siku hizi huchapwa kwa joto, kwa hiyo ukiziweka penye joto zinaendelea kuiva mpaka picha inapotea. Hakuna aliyemwambia hivyo wakati anakabidhiwa. Hata mimi, mtoto wake niliye kwenye kazi hiyohiyo, sikumwambia.

Filamu moja ilikuwa na kona ambayo bado inapitisha mwanga. Nilisimama nayo dirishani. Pembeni mwa kila picha ya CT scan kuna mstari mdogo wenye vialama vya sentimita, basi nikaazima rula ya mtoto wa shule nikapima uvimbe kwa kuulinganisha na mstari ule: milimita 38. Picha mpya ilikuwa kwenye CD. Huko uvimbe ulikuwa milimita 52. Nikarudi kwenye majibu ya maandishi, nikayasoma mara mbili. Ya kwanza yalisema kuna "uvimbe mkubwa". Ya pili yalisema "uvimbe bado upo". Namba hapakuwa na hata moja.

Kutoka 38 hadi 52 ni ongezeko la asilimia 37 hivi. Kuna kanuni ya kimataifa ya kupima jinsi uvimbe unavyoitikia dawa, inaitwa RECIST. Ilitolewa mwaka 2000 ikarekebishwa 2009, na haihitaji mashine ya ajabu. Unachagua vivimbe visivyozidi 5, visizidi 2 kwa kiungo kimoja, unapima urefu wa kila kimoja pale kilipo kirefu zaidi, unajumlisha. Jumla ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, dawa imeitikiwa. Ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, na ongezeko lenyewe likafika milimita 5, ugonjwa unasonga mbele. Katikati ya hapo, ugonjwa umesimama. Ni hesabu ya darasa la sita. Lakini haifanyiki bila namba ya kwanza, na namba ya pili ikichelewa mpaka dozi iishe, inakuja kukuarifu jambo lililokwisha kutokea.

Siwezi kuapa kwamba kwenye mzunguko wa tatu uvimbe wa mama mdogo ulikuwa umekwisha kukua kiasi hicho. Hakuna aliyepima, na hilo ndilo lalamiko langu lote. Wala sidai kwamba picha ingemponya. Ninachojua ni kwamba uvimbe wa titi usiposikia dawa kabla ya upasuaji, daktari bado ana njia: anaweza kubadili dawa, au, kama uvimbe bado unaweza kukatwa, akampasua mgonjwa mapema kabla haujang'ang'ania ukuta wa kifua. Njia hizo hufunguka mtu anapojua. Tena ile dawa nyekundu huchosha moyo, na madhara yake hujumlishana dozi kwa dozi, ndiyo maana ina kikomo maishani mwa mtu. Kila mzunguko usio na faida unakula sehemu ya kikomo hicho.

Na jambo hili ndilo linaloniuma zaidi: mkono wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kumwambia. Kuna nyakati mkono hudanganya, maana uvimbe unaokufa unaweza kuvimba kwa muda na kuonekana umeongezeka. Altrasaundi ya dakika 20 ingesaidia kuamua kati ya mkono na tumaini. Badala yake mwanamke wa miaka 58 aliyekuwa anaujua mwili wake aliambiwa avumilie.

Waheshimiwa, kupima ukubwa ni hatua ya chini kabisa. Sayansi ya picha imekwenda mbele zaidi, na wapangaji mnapaswa kujua ilipofika ili tusinunue vitu kwa pupa. Ukubwa hubadilika ukiwa umechelewa. Kabla uvimbe haujanywea, kuna mambo ndani yake hubadilika kwanza, na baadhi ya mashine huyaona.

MRI, kwa mfano, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, inaweza kupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama. Ndani ya uvimbe ulio hai seli zimebanana, maji hayana pa kupita, kama abiria ndani ya kosta ya Tukuyu siku ya mnada. Dawa ikianza kuua seli, nafasi inapatikana na maji yanaanza kutembea. Badiliko hilo linaweza kuonekana kabla rula haijaona chochote. Limechunguzwa kwenye saratani ya titi na kwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inaongoza kwa wanawake wa nchi hii. Matokeo yanatia moyo, ingawa kipimo hicho peke yake hakijawa hukumu ya kumwachisha mgonjwa dawa.

Mbele zaidi iko PET. Mgonjwa huchomwa sukari iliyotiwa chembe za mionzi, na uvimbe wenye njaa huinyonya ukawaka kwenye picha. Kwa saratani ya tezi aina ya Hodgkin, kipimo hiki kimekwisha badilisha tiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioongozwa kutoka Uingereza, uliwapima wagonjwa zaidi ya 1,100 baada ya mizunguko 2 tu. Ambao PET yao ilikuwa safi, baadhi waliondolewa dawa moja inayoumiza mapafu, na matokeo yao yalikuwa karibu sawa na ya walioendelea nayo. Ambao bado walikuwa wanawaka walihamishiwa tiba kali zaidi. Mizunguko miwili tu, na njia ya kila mmoja ikajulikana.

Lakini naomba tusianzie hapo. Mionzi ya sukari hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 110. Ikipakiwa Dar es Salaam saa 12 asubuhi na kuletwa Mbeya kwa barabara, kilomita 830 hivi, ipande Kitonga nyuma ya malori, ifike saa 12 jioni, itakuwa imebaki kama asilimia 1. Mashine ya PET ikiletwa huku bila mtambo wa kuitengenezea sukari karibu, itapigwa picha siku ya uzinduzi kisha itafunikwa turubai. Kwa miaka kadhaa ijayo mgonjwa atakayehitaji PET itabidi asafiri, na hilo linapangika. Tuanze na tulichonacho.

Tulichonacho si kidogo. Mashine za CT scan zimefika kwenye hospitali za rufaa za mikoa, nyingine zikiwa zimenunuliwa kwa fedha za UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3. Nilishukuru, nashukuru bado. Altrasaundi ziko mpaka hospitali za wilaya, hazina mionzi, na zinafaa sana kwa titi, kwa tezi za shingoni, na kwa tumbo la mtoto mwenye Burkitt, saratani ya tezi inayokua kwa kasi, ambayo dawa ikiikubali hunywea haraka kiasi kwamba hata mama mzazi anaona nguo zinavyomlegea mwanawe. Mashine hizi tumezifundisha swali moja tu: kuna nini? Zinaweza kujibu la pili pia: kinapungua?

Naomba picha ya pili iandikwe ndani ya matibabu yenyewe. Mgonjwa anayeanzishiwa dripu aondoke na tarehe ya kipimo cha katikati, baada ya mzunguko wa pili au wa tatu kadiri daktari wake atakavyoona, na kipimo hicho kilipwe na bima kama sehemu ya dozi. Leo mgonjwa akirudi kwa picha ya pili, dirishani anaonekana anaomba kipimo kilekile mara mbili, na kibali kinazunguka. Wakati huu ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatekelezwa, ndipo pa kuliweka sawa. Asiye na bima naye afikiriwe, maana ndiye anayeuza ndama.

Picha ya kuanzia nayo ina masharti yake. Kanuni inataka isizidi wiki 4 kabla ya dawa ya kwanza. Kwetu, mgonjwa wa Mpanda anaweza kupigwa picha mwezi wa kwanza, akasubiri majibu ya kinyama, akatafuta nauli, akaanza dawa mwezi wa nne. Picha ile inakuwa imezeeka, na ukiilinganisha na ya katikati unaweza kuilaumu dawa kwa kilichokua kabla yake. Hapo altrasaundi ya siku ya kuanza dripu inatosha kuokoa hesabu. Picha zote mbili zipigwe kwa namna moja: mashine moja ikiwezekana, unene uleule wa vipande, dawa ya kung'arisha mishipa kwa muda uleule. Tusipofanya hivyo tutakuwa tunapima tofauti za mashine na kuziita tofauti za ugonjwa.

Na namba ziandikwe. Nawaomba wakubwa zangu madaktari bingwa wa radiolojia, kwa heshima, maana najua ni wachache na foleni ya picha haiishi usiku wala mchana: milimita, na kipande gani cha picha kimepimwa. Sisi wataalamu wa mionzi tufundishwe kupima awali ili daktari ahakiki na kutia sahihi. Chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo hapahapa Mbeya. Somo hili ni la wiki chache.

Kuhusu utunzaji wa picha nitasema kwa ufupi kwa sababu mmekwisha kulisikia: mfumo wa kuhifadhi picha kwenye kompyuta uunganishwe kati ya hospitali za kanda, ili picha ya Sumbawanga ifunguke Mbeya na Dar es Salaam bila kubebwa kwenye bahasha. Na mpaka hapo utakapokamilika, kila bahasha igongwe muhuri: weka mbali na joto. Muhuri mmoja hauna gharama.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimekwisha jibiwa. Dawa zenyewe hazitoshi, wewe unaomba picha? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Kama dawa hazitoshi, basi dozi tatu zilizoingia kwenye mwili usiozisikia zimechukuliwa kwa mgonjwa mwingine ambaye zingemfaa. Anayepika kwa unga kidogo ndiye anayeonja mapema. Nakubali kwamba zipo saratani ambazo hata tukijua dawa imegoma, hatuna dawa ya pili ya kumpa mgonjwa huku kwetu. Kwa huyo, kujua mapema ni kumpunguzia kutapika na kumwanzishia dawa za maumivu akiwa nyumbani, karibu na watu wake. Nalo si dogo.

Siombi picha kila mwezi. CT scan ina mionzi, Tume ya Nguvu za Atomiki inatukagua kwa sababu hiyo, na nisingependa barua yangu iwe kisingizio cha kumpitisha mtu kwenye mashine bila swali la kujibu. Picha ya katikati ina swali. Ndiyo maana naitetea.

Limebaki la akili unde, na hapa nawasihi mwende polepole. Kuna fani inayoitwa rediomiki: kompyuta inasoma picha ya kwanza, inapima mamia ya vitu ambavyo jicho halivioni, umbo, mikunjo, jinsi weusi na weupe ulivyochanganyika, kisha inakadiria kama uvimbe utasikia dawa kabla dawa yenyewe haijaanza. Nitafurahi siku itakapofanya hivyo kwa mgonjwa wa Makete. Ila programu hizo hufundishwa kwa picha za watu wengine kwenye mashine nyingine, na mara nyingi zikihamishiwa hospitali nyingine hushindwa. Saratani ya umio iko juu katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, nasi tumo ndani yake, na aina inayotawala huku si ile inayotawala Ulaya Magharibi. Kifua kikuu nacho huvimbisha tezi na huwaka kwenye PET kama saratani. Kompyuta ambayo haijawahi kukiona itakisoma vibaya, na atakayeumia ni mgonjwa wetu.

Kwa hiyo atakayewaletea programu ya kutabiri, mwombeni kwanza aijaribu kwa picha za wagonjwa wa kanda hii ambao mwisho wao unajulikana. Mtagundua hapo hapo kwamba picha hizo hatuna. Tuna picha za kwanza zilizotawanyika, nyingine zimekauka juu ya meko, na picha za pili hazikupigwa. Picha ya katikati ninayomwombea mama mdogo leo ndiyo hiyohiyo itakayoifundisha mashine kesho, ikitunzwa kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Watafiti tunao; kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kipo hapa Mbeya na kimefanya kazi ya miaka mingi kwenye kifua kikuu na VVU. Na asiwepo wa kutuambia kwamba fani hii si ya Waafrika. Allan Cormack, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield kwa ajili ya CT scan, alizaliwa Johannesburg, na fikra zake zilianza mwaka 1956 akiwa anafanya kazi za fizikia kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Mama mdogo alibadilishiwa dawa mwezi wa pili. Safari hii tuliomba picha ya katikati, tukailipia wenyewe, watoto wake wanne na mimi. Uvimbe ulikuwa milimita 44. Haujafika asilimia 30, lakini umeshuka, na yeye alijua kabla yetu. "Nimekwambia kimelegea," alisema. Picha inayofuata itapigwa wiki ya pili ya mwezi ujao. Zilizopo ziko kabatini kwangu, mbali na jiko, na juu ya bahasha nimeandika kwa wino: 38, 52, 44, na nafasi ya namba inayokuja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa mionzi,
Mbeya